Maji ya Kiuno

Mwajabu binti Masudi bin Abubakari, wa Kolo. Babu yake Abubakari ndiye aliyeshusha vitunguu kwa punda kutoka Kondoa hadi Dodoma wakati barabara ilikuwa vumbi na nyayo za fisi, na hakuna punda wake hata mmoja aliyefia njiani. Baba yake Masudi alichimba kisima kwenye mwamba ambao mafundi wa serikali walishaukatia tamaa, akatoa maji matamu. Mwajabu mwenyewe amelea watoto saba, wanne wa tumbo lake na watatu wa ndugu zake. Vichwa vya watoto wa madrasa za Chang'ombe, kizazi baada ya kizazi, vimepona mapunye kwa mkono wake. Hayo yote yanajulikana. Asiyeyajua ni mgeni.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakuwa nacho, na hicho kimoja kilimla moyo miaka yote. Hakuwa na maji ya kiuno.

Ili jambo hili lieleweke ni lazima turudi Haubi, kwa mama mkwe wake. Mume wa Mwajabu, marehemu Mzee Athuman, alizaliwa kando ya ziwa la Haubi, na mama yake, Bibi Mwanaidi, alikuwa mganga wa mimea ya majini. Hakugusa gome la mti wala mzizi wa porini. Alisema miti ina wenyewe wengi, yeye Mungu amempa maji. Na maji yale aliyagawa kwa mwili wa binadamu.

Kulikuwa na maji ya kifundo cha mguu, yaani tope la ukingoni, ambako huota ndago zenye viazi vidogo vinavyonukia. Hizo hutafunwa na mwenye gesi tumboni, na wanawake huzitia kwenye moshi wa kufukizia nguo. Palepale huota jani moja jembamba lenye ukali kama pilipili, la kumwogeshea mwenye upele. Halafu kulikuwa na maji ya goti. Humo husimama matete, ambayo mizizi yake huchemshiwa mtu anayeumwa na mkojo, na mafunjo, ambayo majivu yake huwekwa kwenye kidonda kisichotaka kukauka. Humo pia huelea kile kijani kilichokaa kama kabichi changa, na majivu yake yakichanganywa na mafuta ndiyo dawa ya mapunye. Mbele zaidi kuna maji ya kiuno. Huko anakaa yungiyungi peke yake, na kiazi chake hutuliza tumbo linaloharisha, na ua lake hutuliza moyo unaokwenda mbio.

Kila mke wa nyumba ile alipewa maji yake. Akishapewa ni yake: anachimba mwenyewe, anamenya mwenyewe, anakausha na kutwanga mwenyewe, na mwenzake huuona unga tu. Hachungulii wala haulizi. Mwajabu aliolewa kwanza, akapewa kifundo, na baada ya uzazi wa pili akapewa goti. Akakaa anasubiri kiuno kama mtu anavyosubiri zamu yake kisimani, ndoo iko mkononi, hana wasiwasi.

Ndipo Mzee Athuman akaoa mke wa pili, Arafa, msichana wa Kondoa mjini, watu wa biashara, mrefu kama mlingoti wa redio. Mwajabu hakulia. Alimkaribisha vizuri, akampikia, akampaka hina. Lakini kiangazi kilichofuata Bibi Mwanaidi alimshika yule bi harusi mkono, akaingia naye ziwani mpaka maji yakawafika kiunoni, na waliporudi Arafa alikuwa amebeba kanga iliyojaa viazi vyeusi, imefungwa fundo. Mgeni wa juzi! Hata njia ya chooni alikuwa bado anaulizia.

Tangu siku hiyo Mwajabu hakuulizia kiuno tena. Aliweza kumgawia mwenzake mume, chumvi na jiko. Lile la ziwani hakuliweza.

Wakahamia Dodoma, Chang'ombe. Bibi Mwanaidi akafariki, baadaye na Mzee Athuman. Wajane wawili wakabaki ua mmoja, vyumba vinatazamana, na meza moja ya dawa karibu na soko. Upande wa kulia vikopo vya Mwajabu, vingi. Upande wa kushoto vikopo viwili vya Arafa. Ziwa la Haubi likawa mbali, na miaka mingine hukauka mpaka ng'ombe wanalala katikati, kwa hiyo wakawa wanakwenda bwawa la Hombolo, kila mmoja siku yake, kila mmoja na maji yake. Waliheshimiana. Wageni walisema hawajapata kuona wake wenza wa namna hii. Mwajabu akisikia hivyo hushukuru, kisha huangalia vile vikopo viwili vya kushoto.

Basi mwaka huu mjukuu wake, Salwa, mtoto wa mwanawe mkubwa, aliacha kazi yake ya kupika kwa mafundi kule Msalato, akaja kukaa nao. Asubuhi moja, wanakunywa uji, akasema, "Bibi, mimi hii meza nataka kuirithi. Nyie mmechoka. Mnifundishe."

Moyo wa Mwajabu ulifunguka kama dirisha. "Alhamdulillahi. Umekawia tu. Tutaanza na..."

"Nimeshaongea na Bibi Mdogo," Salwa akasema, anapuliza uji. "Amekubali nianze naye. Nianze na yungiyungi."

Arafa aliinamia kikombe chake. Lakini Mwajabu aliona lile tabasamu, na uji ukamgeukia maji ya majivu mdomoni.

Damu yake! Mtoto aliyemfunga nepi kwa mikono hii! Anaye bibi wa kumzaa baba yake, ameacha vikopo kumi ameenda kwa mwenye viwili. Mwajabu aliosha vyombo siku ile kwa kishindo mpaka sufuria moja ikapata bonde. Aliyajua mambo yatakavyokwenda: Salwa atakaa upande wa kushoto wa meza, wateja watauliza, "Huyu nani?" na Arafa atajibu, "Mwanafunzi wangu." Na siku akifa Mwajabu, vikopo vyake watavigeuza vya sukari.

Alhamisi mchana Arafa akaenda msikitini kwenye darasa la akina mama. Mwajabu alikuwa mezani na Salwa alipokuja Loisi, mama mmoja wa Miyuji anayeuza maandazi.

"Shikamoo, bibi. Yule bibi mrefu yupo? Nina tumbo, jamani, tangu jana sikai. Nilitaka ule unga wake."

"Marahaba. Hayupo," Mwajabu alisema, akafunua vile vikopo viwili. Kimoja kilikuwa na maua makavu, cha pili kitupu. Hapo ndipo ulimi wake ulipomtangulia. "Njoo kesho asubuhi. Nitakupa mimi."

Salwa akageuka. "Wewe, bibi? Lakini yungiyungi si ni ya..."

"Ni ya nani? Bwawa lina hati? Kaa hapa uuze. Nitakufundisha yungiyungi mimi, leo hii hii."

Akachukua kanga ya zamani na kisu, akapanda gari la Hombolo.

Alipofika, jua lilikuwa limeshageuka. Mvuvi mmoja wa pale, Joshua Matonya, mtu wa makamo, alikuwa anashona wavu wake ukingoni. Alimfahamu, akamwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, mama! Yule mrefu yuko wapi?"

"Kila mtu ana miguu yake," Mwajabu akamjibu.

"Mbona mchana? Mwenzio huja alfajiri. Saa hizi maua yote yamelala."

"Nimekuambia nimekuja kununua maua?"

Joshua akacheka, akarudi kwenye wavu. Mwajabu akafunga kanga, akaingia. Akapita kifundo, mahali pake, ndago zikimkwaruza. Akapita goti, matete yakimjua. Akaenda mbele polepole mpaka maji yakamfika kiunoni sawasawa, baridi imemshika tumbo, akasimama. Na kweli, mbele yake majani ya mviringo yaliyochanika upande mmoja yalikuwa yametandaa juu ya maji. Yalikuwa madogo kuliko alivyoyakumbuka ya Haubi, lakini Hombolo si Haubi, maji ya huku yana chumvi, akaona ndiyo yamedumaza. Ua hata moja halikuwepo juu. Akashusha mkono, akafuata kikonyo mpaka chini, akang'oa. Akang'oa tena. Ruba akamganda kwenye paja, hakumjali. Wallahi, miaka yote ile hakuwahi kujisikia mwepesi namna ile. Alitoka majini amebeba kanga iliyofungwa fundo, kama alivyoibeba yule bi harusi.

Arafa alikuwa amesharudi kutoka darasani Mwajabu alipoingia uani. Mwajabu hakuficha. Alitandika mkeka katikati ya ua, akamwita Salwa akae, akafungua kanga mbele ya watu wote.

"Haya. Yungiyungi hiyo. Lete kisu tumenye."

Salwa alichukua kimoja, akakigeuza. Akachukua kingine. "Bibi... mbona yamekaa kama nyuzi? Kiazi chenyewe kiko wapi?"

"Kiazi ni hicho hicho. Cha Hombolo ni chembamba."

Arafa alikuwa amesimama mlangoni kwake, bado na mtandio wa darasa. Alishuka ngazi, akainama na mgongo wake ule mrefu, akaokota kimoja, akakivunja, akanusa. Mwajabu alingoja. Alijua kelele zitakazokuja, naye alikuwa ameandaa zake.

"Bi mkubwa," Arafa akasema taratibu, "hii umeitoa maji gani?"

"Ya kiuno! Uliambiwa wewe peke yako ndiye mwenye kiuno?"

"Kiuno cha nani?"

"Changu! Kwani kingekuwa cha nani?"

Arafa akajaribu kujizuia. Wallahi alijaribu. Akauma mtandio, mabega yakaanza kutikisika, mwisho kicheko kikampasuka, akakaa chini kwenye mkeka miguu imenyooka. "Cha-ke! Cha Bi Mwajabu! Ya Rabi! Kiuno cha Bi Mwajabu ni goti la mama mkwe!"

"Nicheke, nicheke tu. Umecheka tangu ulipoolewa."

"Ngoja, bi mkubwa. Ngoja nipumue." Akajifuta macho. "Kifundo, goti, kiuno, vyote vilipimwa kwa mwili wake mama. Humkumbuki alivyokuwa? Aliinama kuingia mlango wa msikiti. Hiki ulichokitoa ni kile kidogo chenye ua jeupe la manyoya. Kinafanana na yungiyungi kwa jani tu. Asubuhi ungeliona ua ungejua. Yungiyungi yuko mbele ya hapo, na hapo wewe maji yangekufika kifuani, shingoni hata. Ndiyo maana hakukupa."

Mkono wa Mwajabu ukasimama juu ya kanga. Hata kuku alisimama.

"Sema tena," Mwajabu akasema.

"Mama aliniambia siku ile ile, ziwani. Alisema, 'Yule mwenzio ana mkono mwepesi kuliko wako, lakini ni mfupi na hajui kuogelea, na mwanangu anampenda. Nikimpa yungiyungi ziwa litaniulia mkwe.' Basi akatafuta mrefu."

"Mwongo. Angeniambia mwenyewe."

"Nani angekuambia wewe kwamba ni mfupi?" Arafa akauliza. "Nani, katika dunia hii? Athuman mwenyewe alithubutu?"

Salwa akakohoa, akaangalia pembeni, midomo ameikaza. Mwajabu alitaka kukasirika, na hasira ilikuja kweli, lakini ilikuja imechanganyika na kitu kingine, akawa hajui aitupe wapi. Miaka yote ile! Aliweka kinyongo, akakilisha, akakinenepesha kama mbuzi wa Idi. Na kisa chenyewe ni urefu wa miguu. Angalau angependelewa yule kwa uzuri, au kwa uchawi, ingekuwa na heshima yake.

"Na huyu?" akasema, akamwonyesha Salwa kwa kidevu. "Huyu naye ulimchukua kwa sababu mimi ni mfupi?"

Kicheko cha Arafa kikakatika. Akaanza kuzirudisha zile nyuzi kwenye kanga, moja moja.

"Huyu alikuja mwenyewe. Nikamkubali haraka, kabla hajageuza mawazo." Akafunga fundo, akalifungua tena. "Bi mkubwa, upande wako wa meza hauna siku mtoto halii. Kila mama wa Chang'ombe anakuita jina la mwanao. Mama fulani, mama fulani. Mimi wananiita yule mrefu. Mtu anakuja kwangu akiharisha, akipona hanikumbuki. Wewe una wajukuu. Mimi nina yungiyungi. Mimi nami nilikuwa nakutazama kutoka upande wa kushoto, usidhani jicho ni lako peke yako."

Mwajabu aliinuka, akaenda kuchukua chumvi, akajitoa ruba pajani.

Asubuhi Loisi alikuja mapema, amejishika tumbo. Salwa alimtazama bibi yake. Mwajabu angeweza kumwambia unga haujakauka, njoo keshokutwa. Angeweza kusema lolote, watu wanamwamini. Alivuta pumzi.

"Dawa yako sina," alisema. "Nilikosea nikachimba kisicho chenyewe. Mwenye yungiyungi ni mwenzangu huyu, na leo tunakwenda kuifuata. Lakini wewe usingoje unga. Macho yameshaingia ndani. Pita zahanati kwanza wakuongeze maji, halafu jioni upite hapa."

Loisi alishukuru akaenda. Arafa alikuwa anafunika vikopo, hakuinua uso, ila alisogeza kiti cha Mwajabu kivulini bila kuombwa.

Wakaenda Hombolo wote watatu. Jua lilikuwa bado changa na bwawa limefunguka: kule mbele, mbali kuliko Mwajabu alivyowahi kwenda, mayungiyungi ya samawati yamesimama juu ya maji, mapana kama visahani. Na huku karibu, pale pale alipochimba jana, vile viua vyeupe vya manyoya vimejaa tele kama vinamcheka. Joshua alipowaona pamoja akapiga kofi. "Leo kuna nini? Serikali imehamia na huku?"

"Shona wavu wako," Mwajabu akamwambia.

Arafa akavua viatu, akafunga kanga. Alipiga hatua mbili kwenye tope, goti likamkataa. Akasimama, ameshika mgongo. Akajaribu tena. Mwajabu alimwona usoni, akatambua kwamba hii si mara ya kwanza. Ndiyo maana kile kikopo kilikuwa kitupu. Yule mrefu naye hafiki huko tena.

Salwa alikuwa ukingoni, viatu mkononi. Aliangalia kwa Arafa, akaangalia kwa Mwajabu, hajui ni nani wa kumwambia aingie. Alikuwa amerefuka huyo mtoto, Mwajabu hata hakuwa ameona lini. Amewapita wote wawili, na Msalato alikaa kando ya lambo, kuogelea anajua.

Ulikuwa upo bado, ule wivu. Ulimwambia: nyamaza, acha Arafa amtume, halafu utapata la kusema baadaye. Mwajabu akaukanyaga pamoja na tope.

"Salwa."

"Naam, bibi."

"Njoo hapa. Sikiliza sana, sitarudia. Utaingia. Bibi yako Arafa atakuelekeza kutoka hapa, na akisema simama, unasimama. Utatoa viazi vya mgonjwa, si zaidi, na mama wa kile kiazi unamwacha ardhini aendelee kuzaa. Hiyo ndiyo ya leo. Lakini kazi ninayokupa mimi ni nyingine." Akashika mkono wa mjukuu wake kwa nguvu. "Sisi tulifundishwa ziwa moja na mwili wa mtu mmoja, na mtu huyo amekufa, na ziwa lenyewe hukauka. Haya maji hapa yanapanda na kushuka. Utakuja hapa kifuku na utakuja kiangazi. Utakwenda na kule Bahi kwenye majaruba ya mpunga. Kila mmea utaujua kwa ua lake, kwa harufu yake, kwa mzizi wake ukiukata, utuletee uani tuuone, mimi na huyu mwenzangu, wote wawili, tukuambie ndiyo au siyo. Kupima kwa kiuno cha mtu, basi. Mpaka uweze kumwonyesha na mtu mfupi kabisa bila kumzamisha. Umenisikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Bi mkubwa," Arafa akaita kutoka kwenye tope, "mtoto anachelewa, maua yatafunga."

"Ngoja nimalize! Miaka yote hii ulisubiriwa wewe." Akamgeukia tena Salwa, akashusha sauti. "Nenda. Na ukitoka huko, kabla hujakauka, unaanza na ndago zangu."